Maziwa ya Dada Zabibu

Kalemie, 14 Aprili 2025

Dada yangu Zabibu,

Salamu nyingi zikufikie huko Kabimba. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na mwanao Leila na wajukuu. Sisi huku hatujambo. Mke wangu Zainabu anakusalimia. Mvua za mwaka huu zilitubomolea choo, lakini tumeshajenga kingine.

Najua unashangaa. Miaka mitatu bila neno, halafu Mama Bertille anashuka kwenye boti na magunia yake ya vitunguu na kukukabidhi bahasha. Simu nilishindwa. Namba yako ninayo tangu mwaka jana, na kila nikiibonyeza naikata kabla haijaita.

Nakuandikia kukupa habari njema: nimepona. Unakumbuka nilivyokuwa. Kilo mia moja na kumi na nane. Kupanda ngazi za biro, ofisi yetu pale bandarini, nilipumzika mara mbili, na tumbo lilijaa gesi mpaka vifungo vya shati vinakatika. Msikitini nilisali safu ya mwisho karibu na mlango, na sababu unaijua. Leo nina kilo tisini na mbili. Suruali zangu zote Zainabu amezipeleka kwa fundi zipunguzwe. Ngazi zile zile nazipanda huku naongea na simu, na ile safu ya mwisho nimeihama.

Aliyeniokoa ni muuguzi mmoja, Mama Léontine. Aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Papa, unakulaka nini toka asubuhi mpaka jioni? Uniambie yote, usifiche." Nikamwambia. Akaweka kalamu chini. "Maziwa njo inakusumbua. Muntu akishakuwa mukubwa, tumbo yake inaweza kukataa maziwa. Acha yote, ya chai, ya unga, ya kuganda, hata siagi. Wiki tatu tu, kisha urudi."

Nilicheka. Mimi na umri wangu wa miaka hamsini na moja, nikatazwe maziwa! Wiki ya kwanza chai nyeusi niliiona kama adhabu. Wiki ya pili tumbo likanyamaza, nikawa nalala kama mtoto. Kufika mwezi wa tatu pete ya ndoa ilikuwa inanivuka kidoleni yenyewe.

Basi ndiyo habari yangu. Ukipata nafasi njoo ututembelee, chumba chako kipo. Yaliyopita tuyaache huko nyuma.

Mdogo wako,
Aboubakar


Kabimba, 2 Mei 2025

Papa Aboubakar,

Salamu tumezipokea. Tuko wazima.

Nimefurahi kwamba umepona. Nasema kweli, maana nilikuombea hata siku ambazo sikutaka kukuombea.

Lakini barua yako nimeisoma mara tatu natafuta kitu, sikukiona. Umeniandikia kilo zako, suruali zako na ngazi zako. Maziwa umeyataja weee. Hayo maziwa yalitoka mkononi mwa nani? Nani alikuletea kikombe kila asubuhi kabla hajafungua meza yake ya chai pale bandarini?

Unasema chumba changu kipo. Mama Bertille aliwahi kuniambia kwamba ulikichimba. Ni kweli au ni uongo?

Zabibu


Kalemie, 9 Mei 2025

Dada Zabibu,

Salamu. Afya yako sitaiuliza leo, nisije nikajificha nyuma yake tena.

Ni kweli. Nilikichimba.

Acha niandike yote, hata yale unayoyajua, uone kwamba nami nayajua. Mumeo alipofariki ulikuja kukaa kwenye ua wangu na Leila akiwa mdogo, ukawa unauza chai ya maziwa na maziwa ya kuganda, na kikombe cha kwanza kilikuwa changu. Tumbo liliponishinda nilikwenda kwa mganga mmoja ng'ambo ya mto Lukuga. Akaniambia anayeniua ananilisha kwa mkono wake ndani ya ua wangu. Hakutaja jina. Jina nililitaja mimi, juu ya pikipiki, nikirudi nyumbani.

Siku ya hitima ya baba mdogo, mbele ya watu kumi na mmoja, ulinipa kikombe nikakurudishia. Nikasema, "Onja wewe kwanza." Ulicheka, ukidhani ni utani. Halafu ukaniona uso. Ukaonja. Baada ya hapo ulionja kila asubuhi, siku kumi na tisa, nami nikikutazama koo kama kweli umemeza. Siku ya ishirini nikakuambia utafute pa kukaa.

Ulipoondoka nilinunua maziwa ya unga, nikawa nakoroga mwenyewe, vijiko vinne na sukari, Zainabu haruhusiwi kugusa kopo. Tumbo likazidi. Badala ya kujiuliza, nikasema umeacha kitu chumbani. Nikachimba sakafu mpaka magotini. Nilipata kifungo cha nguo na kijiko kidogo cha mti. Kijiko nikampelekea mganga, akakichoma moto. Dada, kilikuwa kijiko cha Leila cha utotoni. Nilikitambua wakati kinaungua na sikusema kitu.

Siku ya Idi iliyopita nilitaka kuhakikisha. Nilikoroga glasi moja kwa mkono wangu, mlango nimefunga, nikanywa. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimejikunja. Nikakaa chooni nikalia, na si kwa maumivu. Ndani ya glasi ile hakukuwa na mtu mwingine ila mimi na ng'ombe.

Naona aibu. Kila siku kuna anayenisifu jinsi nilivyopungua, nami natamani ardhi inimeze, kwa kuwa najua nani amelipia. Nisamehe, dada.

Mdogo wako,
Aboubakar


Kabimba, 28 Mei 2025

Aboubakar,

Salamu. Watoto wazima, mimi mzima, goti linanisumbua kidogo.

Nimekusoma. Bahasha umeibandika gundi pande zote, Mama Bertille asije akachungulia. Mimi uliponisingizia hukutafuta bahasha. Ulisema mbele ya watu kumi na mmoja, na kesho yake bandari nzima ilikuwa nayo. Wateja wangu wa miaka wakaanza kunipita wakiangalia ziwa, eti kana kwamba hawajawahi kuona maji.

Hapa nauza chai kwa wafanyakazi wa kiwanda cha saruji. Hawajui lolote, ni watu wema. Lakini mpaka leo, kila kikombe ninachompa mtu, naonja kwanza. Hakuna aliyeniomba. Mkono umezoea, na nikijishtukia nimeshameza. Juzi mteja mmoja akaniuliza, "Mama, mbona unaonjaka kila mara?" Nikamwambia naangalia sukari.

Sisi ni watoto wa tumbo moja, sikukatai. Ila msamaha wa ndani ya bahasha siutaki. Waite wale wale waliokuwepo, uwaambie. Siku hiyo ndiyo nitakusikia.

Zabibu


Kalemie, 12 Juni 2025

Dada,

Idi njema, ingawa imepita. Goti linaendeleaje?

Niliwaita. Walikuja tisa, wawili wametangulia mbele ya haki. Tulichinja, tukala, nikasimama. Hata koo nilikuwa nimeshasafisha. Mjomba Sulemani akanitangulia: "Aboubakar, umepunguka muzuri sana, umerudi kijana. Tuambie, ulikunywa dawa gani?" Wote wakanigeukia wakitabasamu.

Nikasema natembea kando ya ziwa kila asubuhi.

Mimi, dada, kutembea! Wakanipigia makofi. Nikakaa. Zainabu akanitazama, akainuka kwenda kuosha vyombo, na mpaka leo ananijibu kwa neno moja moja.

Usinijibu kama hutaki.

Mdogo wako,
Aboubakar


Kalemie, 7 Septemba 2025

Dada Zabibu,

Salamu baada ya siku nyingi. Miezi mitatu Mama Bertille anarudi mikono mitupu. Mwanzoni nilikuwa naenda kumngojea bandarini, kisha nikaacha, maana alikuwa anaanza kutikisa kichwa boti haijafunga kamba. Nilistahili.

Juzi ilikuwa Maulidi. Walikuwepo wale tisa na wengine wengi, ua ulijaa. Chai ya maziwa ikapitishwa. Nikakataa, mjomba akanisukumia kikombe: "Kunywa, bwana, sasa uko muzima." Nikasimama nacho mkononi. Chai ikanimwagikia kanzu.

Nikasema hivi, na nimeyaandika kama nilivyoyasema: "Zabibu hakunipa sumu. Ilikuwa maziwa, maziwa tu kama haya munakunywa. Mwili yangu njo ilikuwa inayakataa. Mimi nilimusingizia mbele yenu, nikamufukuza, nikachimba chumba yake. Na ile kutembea kando ya ziwa niliwadanganya."

Mmoja akauliza, "Maziwa?" Akacheka, wengine wakafuata, kuna aliyecheka mpaka akapaliwa. Nikawaacha. Nilibaki nimesimama na kanzu yangu yenye doa mpaka wakamaliza.

Mjomba Sulemani hakucheka. Aliweka kikombe chake chini akasema, "Na sisi tulikaa hapa, tukamutazama akionja. Mimi mujomba wake nilikuwa namutazama." Akatoka nje bila viatu, na ilibidi Zainabu amfuate navyo barabarani.

Sasa bandarini wananiita Papa Maziwa. Nikiitwa naitika. Sakafu ya chumba chako nimeifukia na kuimwagia saruji, mfuko umeandikwa umetoka huko huko Kabimba. Zainabu ameanza kunijibu maneno mawili mawili.

Sikuombi kitu. Nimekuambia tu kwamba nimesema.

Mdogo wako,
Buba, kama jina hilo bado unaniruhusu


Kabimba, 20 Septemba 2025

Buba, mdogo wangu,

Salamu kwako, na kwa Zainabu zaidi, maana amevumilia. Goti langu limepoa. Leila amejifungua mtoto wa kike, mnene, analia kwa sauti yako.

Habari yako niliipata kabla ya barua. Mama Bertille alianza kunisimulia yuko bado ndani ya maji, sketi kaishika mkononi. Kisha akaja mjomba Sulemani mwenyewe, na umri ule, kwa boti ya mizigo. Alikaa siku mbili. Hakusema mengi. Asubuhi ya kuondoka aliomba chai, nikataka kuonja, akanishika mkono akakichukua kikombe.

Sasa nisikilize mimi. Nilinyamaza miezi mitatu, na ulidhani ni hasira. Hasira ilikuwepo. Lakini barua yako ya kwanza ilinikumbusha kitu nilichokuwa nimekizika. Ulipokuwa na miaka tisa hivi, ulianza kujikunja kila ukinywa maziwa, na mama akaacha kukupa. Nilikuwa mkubwa, nilimwona. Nilijua, Buba. Mama alipokufa na mimi nikaanza biashara, wewe uliyapenda, ukanenepa, na watu wakawa wanasema, mwangalieni ndugu yake Zabibu, hayo njo maziwa. Mwili wako ulikuwa kibao cha biashara yangu. Ulipolalamika tumbo, nilikuongezea sukari.

Sumu sikukutilia, Mungu anajua. Ila nilikutazama unavyonenepa, sikukusikiliza unavyoumwa. Na aibu hiyo nimeikalia kimya huku nikikushurutisha wewe useme yako mbele ya watu. Kwa hili nami nakuomba msamaha. Ukitaka, nitalisema mbele ya wale wale.

Njoo. Jumamosi tarehe nne mwezi wa kumi, na boti ya asubuhi. Nitakupikia chai ya tangawizi, bila hata tone la maziwa. Lakini sikia: sitaonja. Nitakuwekea kikombe mezani, kisha nitakwenda kwa Leila, nyumba ya pili. Nimetazamwa vya kutosha, na mimi sitaki kukutazama. Ukishindwa kunywa, mwaga nyuma ya nyumba, upande boti urudi kwako. Sitakuuliza.

Dada yako,
Zabibu


Kabimba, nyumbani kwako, 4 Oktoba 2025

Dada,

Leo sikuulizi hali, nimekuona kwa macho yangu ukikata kona kwenda kwa Leila. Kile kitenge cha zambarau nimekitambua. Hukugeuka nyuma hata mara moja.

Sitakudanganya. Nilishika kikombe, na mkono ukasita. Nilijua ni chai, nilijua ni wewe, na bado ukasita wenyewe, kama wako unavyoonja bila kuombwa. Nilikaa nao hivyo mpaka mvuke wa chai ukapungua. Ningeweza kuficha hili, hakuna aliyekuwa ananiona. Nimechoka kuficha.

Kisha nikanywa. Chote, hata vipande vya tangawizi vya chini nimevitafuna. Kikombe nimekifunika juu ya karatasi hii, ukikiinua uone kwamba hakikubaki kitu.

Boti inaondoka saa nane. Mimi niko hapa nje kibarazani. Birika lako bado lina moto, nimeligusa. Kama kuna cha pili, nimiminie, na utoke na kikombe chako.

Mdogo wako,
Buba