Jeti Iliyoziba Simu

Jumamosi, Julai 2002. Machakos.

Baridi. Tangu asubuhi ukungu umekalia vilima na hautaki kuondoka, na mabati ya ploti yanadondosha maji ingawa mvua haijanyesha. Nimekaa mbele ya kompyuta na leo sijarusha ndege hata moja. Mtu akiniuliza nitasema vidole vimekufa ganzi.

Si vidole.

Nianze na haki yangu, maana watu hupenda kuanza na kosa la mtu. Kwenye ploti hii simu ni moja, na ni yangu. Waya wake niliufuatilia ofisi hadi ofisi mpaka askari wa mlangoni akalijua jina langu, na hakuna jirani aliyenisindikiza hata siku moja. Kompyuta yenyewe nimeiunda kutokana na mashine zilizotupwa, mimi niliyeanza kwa kutengeneza redio sokoni. Laini ilipofika, ghafla kila mlango ukawa na ndugu wa kupigiwa. Niko katikati ya kuchomelea waya, naitwa: "Fundi, kuna simu yangu?" Halafu haohao wakikutana kwenye mfereji wa maji wananicheka. Bingwa wao ni Mama Mutheu wa mlango wa pili. "Huyu fundi wetu anaendesha ndege na hata baiskeli hana!"

Anacheka, na mimi nacheka. Lakini huwa inaniuma.

Kwa asiyejua: niko na programu ya kuendesha ndege kwenye kompyuta. Ilikuja na ndege zake, za abiria na zile ndogo za mafunzo. Za kivita hutengenezwa na watu wa ng'ambo majumbani mwao, wanaziweka kwenye mtandao bure, nawe unazipakua na kuziongeza kwenye programu yako. Mzee mmoja, fundi mstaafu wa ndege, amekuwa mwaka mzima akiunda ile jeti nyembamba yenye pua kama sindano, ile tuliyozoea kuiona ikipasua anga siku za sherehe za taifa. Nimemfuata mwaka huo wote kwenye ukumbi wao wa mtandaoni. Hata makosa ya hesabu nilimwonyesha: matangi alikuwa ameyapa uzito wa maji badala ya uzito wa mafuta, kwa hivyo kila tangi lilikuwa limezidi kwa robo na ndege ilikuwa inapaa kama ng'ombe mwenye mimba. Akarekebisha, akanishukuru mbele ya wote. Huku nyumbani hakuna aliyewahi kunishukuru mbele ya watu.

Alhamisi jioni akaitoa. Megabaiti thelathini na sita. Laini yangu ikiwa na roho safi hunipa kumi kwa saa. Na ukurasa alikoiweka hufungwa wapakuaji wakizidi. Wenzangu wa ng'ambo walikuwa wameshaanza kulalamikia rangi ya mkia, na mimi sijapata hata ukucha wake.

Basi nikapiga hesabu. Aibu yenyewe iko hapa.

Mutheu, binti wa Mama Mutheu, alikuwa ameenda Athi River kufanya jaribio la kushona kwenye kiwanda cha nguo. Wakaambiwa watakaochaguliwa watapigiwa simu Ijumaa, na asiyepatikana nafasi yake inaenda kwa mwingine. Namba aliyowaachia ni yangu. Aliniomba kwa adabu, nikamjibu kwa sauti ya mtu mkubwa: "Usijali. Ijumaa sitoki."

Sikutoka. Hilo ni kweli.

Asubuhi yote nilikaa kando ya simu. Kimya. Kufika saa sita nikajiambia: watu wa ofisi hufanya mambo kama hayo asubuhi, mchana wa Ijumaa ni wa chai na kungojea wikendi, kama wangepiga wangekuwa wameshapiga. Nikaiita hesabu. Haikuwa hesabu, ilikuwa tamaa iliyovaa miwani. Nikauchomoa waya kwenye simu nikauchomeka kwenye modemu ya mtandao, ikalia kelele zake, na laini ikafungwa mpaka jioni.

Kazi ikiwa nusu, nikasikia hodi. Alikuwa Mutheu na bakuli la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, lililofunikwa kwa sahani.

"Mama anasema hujatoka hata kununua mkate kwa sababu yangu. Wamepiga?"

Nikasimama mlangoni kwa namna ya kuiziba kompyuta. "Bado. Hakuna simu iliyoingia."

"Ni muvea, asante, Fundi. Angalau tuko na mtu hapo."

Hakuna simu iliyoingia. Sentensi hiyo ni safi, ungeweza kuiapia mahakamani. Isingeweza kuingia! Nikakaa nikala ule muthokoi huku nikitazama mstari wa kupakua ukitambaa. Na sitadanganya humu: ulikuwa mtamu, na niliumaliza.

Kisha nikarusha. Jeti ni nzuri kupita nilivyoota. Nilipita nayo juu ya Machakos, ambayo kwenye programu haina nyumba hata moja, ni kijani tupu. Nikapita juu yetu sote na sikuona mtu.

Leo asubuhi dhamiri, au labda ni woga, ikanisukuma kupiga simu kiwandani. Akapokea karani, mwanamke mwenye haraka.

"Mutheu? Huyo tulimpigia jana mchana, na tukarudia. Simu bize. Tukaendelea na wengine."

Nikamuuliza kama hakuna njia kabisa. Akavuta pumzi. "Akuje Jumatatu mapema, kabla msimamizi hajafunga majina. Lakini ajue kueleza kwa nini hakupatikana. Huyo mzee hapendi visingizio."

Nikaweka simu chini, na kwa muda nikawa mtu mwenye furaha. Njia si ilikuwa hii hapa? Nitoke uani nipaze sauti: "Mutheu! Wamepiga! Jumatatu!" Mama yake angepiga vigelegele, na ningechinjiwa kuku. Halafu Jumatatu binti wa watu angesimama mbele ya msimamizi, aulizwe kwa nini simu ilikuwa bize, abaki akitazama viatu vyake, kwa sababu jibu niko nalo mimi.

Nilifika hadi mlangoni kwao na uongo huo ukiwa tayari mdomoni. Walikuwa wameketi wanamenya mbaazi. Sijui ni nini kilichoubadilisha. Nilifungua mdomo, ukatoka ukweli, vibaya vibaya, mwisho kabla ya mwanzo.

Mama Mutheu hakunitukana. Afadhali angenitukana. "Yaani mimi nilikuwa nakupikia, na wewe unacheza," alisema, akachukua ganda lingine.

Mutheu aliuliza maswali yake taratibu, kama mtu anayekagua mshono.

"Si ungeniambia? Ningewapa namba ingine."

"Nilipaswa kukuambia."

"Jumatatu tunaenda wote. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako."

"Nitaenda."

"Na hiyo ndege. Iko na viti vingapi?"

"Kimoja."

"Nilijua."

Ningependa kuandika kwamba nimeifuta. Sijaifuta. Nimeweka kidole kwenye kitufe mara kadhaa, nikakitoa. Kuifuta hakumrudishii Mutheu kitu, najiambia, lakini hesabu zangu za wiki hii mimi mwenyewe siziamini tena.

Ili kuyaweka haya kwenye mtandao lazima nishike laini. Nimepita kila mlango kuuliza kama kuna anayengojea simu. Ni mara yangu ya kwanza kuwauliza. Walinitazama kama mgonjwa.

Jumatatu alfajiri, basi. Maneno nimeyapanga: laini niliishika mimi, binti hana kosa, mpe nafasi yake. Mpaka hapo nafika vizuri. Lakini msimamizi atataka kujua nilikuwa naongea na nani mchana kutwa, na Mutheu atakuwa amesimama hapo kando yangu akingojea kusikia.

Nitasema nilikuwa naongea na nani?