Mke wa Kwanza wa Shikanga

Butali,
12 Februari 1995

Kwa mume wangu Shikanga,

Mimi ni mzima. Goti tu ndilo linakataa asubuhi, likishapata jua linakubali. Sijui wewe uko namna gani huko Nakuru na vumbi la kinu cha unga kifuani. Kohoa, usione haya. Ng'ombe amezaa, ni dume, si kosa langu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu sijaelewa. Unasema mwaka jana ulijiunga na klabu ya Nairobi inaitwa Daraja la Mioyo, unawalipa wakutafutie mke. Sawa. Hata sisi tulikuwa na mtu wa kwenda kutuulizia, na alichinjiwa kuku. Lakini alikula akisharudi na jibu. Hawa wako wanakula kwanza, halafu wanakula tena kwa kila barua unayotuma, na tena kwa kila barua unayoletewa. Sasa hawa ni washenga ama ni posta?

Tena unasema msichana hana jina, ana nambari. Mia nne kumi na saba. Shikanga, hata ng'ombe wa mnada anaitwanga kitu. Nimekulea tangu mama yako azikwe. Una miaka thelathini na mbili, na ile nyumba tuliyokuezekea mabati inalala panya. Nataka uoe, hilo unalijua. Lakini siwezi kusimama mlangoni niite nambari ije tule.

Muulize ukoo wake. Wa baba na wa mama, hilo tu. Asiyetaka kusema ukoo ana sababu.

Barua hii nimeandika kwa mkono wangu. Darasa la tatu lilinitosha.

Ni mimi mke wako wa kwanza,
Kukhu Awinja


Nakuru,
9 Machi 1995

Kwa Kukhu mpendwa,

Mulembe. Natumaini goti limetulia. Kifua changu hakina neno, nafunga kitambaa kama ulivyosema. Huyo ndama mwite jina langu, kwa kuwa naye ni kazi bure.

Kukhu, tafadhali mambo haya usiyaseme kanisani. Klabu haipendi watu wapeane anwani kabla ya wakati. Barua zote zinapita ofisini mwao, wanazipiga taipu upya, halafu penye jina, kijiji na sanduku la posta wanapaka wino mweusi. Ukitaka wino uondoke, unapanda daraja la juu la uanachama. Nimepanda mara mbili. Wino bado upo.

Na mambo mengine hata mimi siyaelewi. Kila mwezi niliolipia ukikaribia kuisha, 417 anakuwa na jambo la haraka. Barua zake ninazo sita, na moja ilikatika hivi: "Kitu ambacho sijawahi kumwambia mwanamume yeyote ni". Nikalipia ukurasa wa pili. Ukurasa huo ulisema anapenda chapati. Nyingine ilisema moyo wake ni bustani inayongoja mvua ya sauti yangu. Sijui alijuaje sauti yangu.

Lakini nilimuuliza ukoo, akajibu. Barua hiyo nimeitia humu ndani, iweke vizuri, ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Anasema alivunjika jino la mbele akila miwa, watoto wa shule wakamwita Pengo mwaka mzima. Kukhu, mtu wa kubuniwa havunjiki jino. Huyo yuko. Na kama hayuko, mimi nimechoka, sitatafuta mwingine. Hiyo nyumba uwape kuku.

Mjukuu wako,
Shikanga


Butali,
20 Aprili 1995

Kwa mume wangu Shikanga,

Sisi ni wazima, mvua imeanza, mahindi yametoka. Wewe je? Unakula, ama unakula barua?

Ya msichana nimeisoma nikaiweka kwenye Biblia. Jino limenipendeza. Hiyo ya bustani siitaki kabisa. Msichana wa shamba hangoji mvua ya sauti, anangoja mvua.

Sasa sikiliza na usikasirike. Nimewaandikia hao watu wa klabu. Umekuwa mpole sana nao, wanakunyonya kama muwa. Nimewaambia hivi: "Mimi Awinja wa Butali ni mke wa kwanza wa Shikanga. Kabla ya huyo msichana kuingia jikoni kwangu, nataka kumwona kwa macho yangu. Leteni jina lake na kwao." Nikatia sahihi na muhuri wa kidole pia, wajue si mchezo.

Ngoja uone, watajibu mbio.

Mke wako wa kwanza,
Kukhu Awinja


Nakuru,
2 Juni 1995

Kwa Kukhu,

Mulembe. Mimi si mgonjwa.

Wamejibu mbio kweli. Wanasema nimevunja kanuni ya tisa kwa kuficha ndoa. Faili yangu imefungwa na pesa hazirudi. Kuifungua tena kuna ada. Kuifunga pia kulikuwa na ada, nimeletewa karatasi yake. Na 417 ameandikiwa kwamba bwana huyu ana mke wa kwanza, na mke huyo ni mkali.

Niliomba ruhusa kazini nikaenda kuwapigia simu. Nilimweleza yule dada wa ofisini kwamba kwetu nyanya humwita mjukuu wake mume, ni utani wa nyumbani. Akaniuliza, "Kwa hivyo mnaishi pamoja?" Nikaanza upya. Akaniambia nisubiri aite mkubwa. Nilisubiri mpaka sarafu zikaisha, nikisikia muziki.

Sijui sasa nimkasirikie nani. Wao waliniuzia wino, wewe ukanifungia mlango. Wakati mwingine nafikiri hata 417 ni huyo huyo dada wa ofisini. Halafu nakumbuka jino.

Usiniandikie kwa sasa. Nikiwa tayari nitakuandikia.

Shikanga


Butali,
30 Julai 1995

Kwa Shikanga,

Uliniambia nisiandike. Nimeandika. Wewe ni mzima? Mtu wa Nakuru aliyekuja kwenye mazishi ya jirani yetu Osundwa anasema alikuona sokoni umekonda. Miezi miwili hakuna barua, na mimi kila Ijumaa naenda posta na goti hili.

Sikusema uongo. Nimekuita mume wangu tangu ukiwa mgongoni mwangu unanikojolea. Watu wazima wenye ofisi na taipu, kwa nini hawakuuliza mke huyo ana miaka mingapi? Ningewaambia ni sabini na kitu. Wangepata aibu wao. Sasa aibu imekuja kwangu, na sijui ilipitia wapi.

Jana nilitoa ile barua kwenye Biblia nikaitazama kwenye mwanga. Wamepaka jina. Wamepaka kijiji. Wamepaka shule, kanisa, mpaka jina la mto. Halafu hapa chini wameacha koo hivi: "Baba yangu ni wa Abashimuli, mama yangu ni wa Abamachina."

Shikanga, hao watu hawajui kusoma. Wamefunga dirisha wakaacha mlango wazi.

Kukhu Awinja


Butali,
17 Septemba 1995

Kwa mume wangu Shikanga,

Mimi ni mzima na goti linauma vibaya, utajua kwa nini. Wewe kohoa, halafu ukae chini usome.

Abamachina ni wa hapa kwetu. Abashimuli wako kule Idakho. Sasa binti gani wa Machina aliolewa Idakho? Nilienda kwa Nekoye wa Machina, tunayekaa naye benchi moja kanisani, kwa sababu dada yake aliolewa huko. Nikamuuliza, "Dada yako ana msichana mwenye pengo mbele?" Akaniambia, "Nani amekuambia habari ya jino la Mideva?"

Anaitwa Mideva. Weka hiyo mahali pa nambari.

Tulienda Jumamosi, mimi na Nekoye. Nilimkuta anaanika mahindi. Nikamwambia mimi ni Awinja wa Butali. Aliweka ungo chini, akaniuliza taratibu kabisa, "Wewe ndiye mke wa kwanza?" Nikamwambia ndiyo, na mume wangu nilimwachisha ziwa la mama yake mwenyewe. Akanitazama. Halafu akafunika mdomo, akacheka mpaka akakaa juu ya mahindi. Kumbe nyanya yake pia ana waume wanane, mdogo yuko chekechea. Klabu hawakumwonyesha barua yangu. Walimwambia tu kuna mke.

Jino liko vile ulisema. Pengo lenyewe.

Lakini sasa hapa ndipo nimechanganyikiwa, na usinilaumu. Yeye pia alikuwa analipa. Anashona nguo za shule, pesa zilikuwa zinaenda huko. Anasema alikuandikia barua mbili tu. Mbili. Wewe uliniambia una sita. Habari ya bustani haijui, na chapati hapendi, zinampa kiungulia. Akaniletea zako, saba, zote za taipu. Moja inasema unapiga gitaa. Moja inasema una gari jekundu. Nikamwambia gari huna, una baiskeli, na breki yake ni viatu vyako. Kwa hivyo mmelipa mwaka mzima, na nyinyi wawili karibu hamjaandikiana.

Hakucheka tena. Alishika zile barua akaniuliza, "Kukhu, kama hizi si zake, basi mimi nilikuwa nangoja nani?" Nilitazama kuku.

Nikamwambia anisomee zote. Tulikaa hapo mpaka uji ukapoa. Ya gari, hapana. Ya gitaa, hapana. Ya tano ilisema hivi: "Nimelelewa na kukhu ambaye hunigombeza hata kwa barua, na nikikosa barua yake wiki mbili nahisi kama nimesahau kuvaa kiatu kimoja." Nikamwambia asimame hapo. Hiyo ni ya mtu wangu. Mavumbi ya unga yaliingia machoni pangu, ingawa kinu kiko Nakuru.

Mideva akasema, "Hiyo ndiyo niliyosoma mpaka ikachanika." Akanionyesha. Imechanika kweli, ameibandika kwa gundi.

Hajasema ndiyo. Usikurupuke. Amesema tu kwamba angependa kuona mwandiko wako, maana hajawahi kuuona. Ukoo nimechunguza pande zote, hakuna kizuizi. Anwani yake iko nyuma ya karatasi hii, ameiandika mwenyewe, na nimemkataza Nekoye asiweke hata kidole. Andika habari ya baiskeli. Stempu ni moja.

Tena usinijibu mimi kwanza. Karatasi uliyo nayo imalize kwake. Ijumaa nitaenda posta kama kawaida. Nikikuta sanduku halina kitu changu, safari hii sitauliza kwa nini.

Mke wako wa kwanza, ninayesogea kwenye mkeka mwenzangu apate nafasi,
Kukhu Awinja