Keki ya Baba Mkwe wa Tukuyu

Kwako baba mkwe,

Miaka yote niliyokuwa mke wa mwanao sikuwahi kukutumia hata ujumbe wa simu. Salamu zangu zilipitia kwa Gwakisa, zako zikarudi kupitia kwa mama, na tuliishi vizuri hivyo. Leo nimekaa mezani hapa Segerea, Dar. Mabegi ya safari yameshafungwa, kesho alfajiri tunapanda basi kuja Tukuyu kula Krismasi na mama, na ni Krismasi ya kwanza kufika kwenu ukiwa hupo.

Mchana huu nilikuwa napondaponda ndizi za keki yako. Mwanao akasimama mlangoni mwa jikoni, akaingia, akapanda kiti, akashusha kopo la sukari toka juu ya kabati, akaliweka mezani mbele yangu. Akasema kwa upole tu, "Mama Atu, mwaka huu si uweke sukari kama watu wengine? Mgonjwa hatuna tena."

Hakusema kwa ubaya, unamjua mwanao. Lakini mwiko ulinigandia mkononi. Nimeiingiza keki kwenye oveni kama nilivyoizoea, kopo nimeliacha pale pale mezani, na unga wa keki ya pili uko kwenye bakuli unanisubiri niamue. Ndiyo maana nimetafuta kalamu. Nataka kuzungumza na wewe kwanza.

Unakumbuka siku ya kwanza? Harusini hukuja, mguu ulikuwa unakusumbua, ukamtuma mdogo wako akusimamie. Kwa hiyo nilikuja kukuona Krismasi ile. Mie mtoto wa Masasi; kwetu baba mkwe anaamkiwa, anaulizwa habari za shamba, na ukiwa na mdomo kama wangu mnataniana. Nilishuka kwenye gari na keki niliyokuwa nimeipakata njia nzima kutoka Dar, nikakuona umesimama kando ya migomba na koti lako refu, nikakukimbilia, nikapiga magoti kwenye tope. "Shikamoo baba."

Ukageuka. Hukujibu hata neno moja. Uliingia migombani kwa mbio, mguu mbovu na yote, kama mtu aliyekutana na nyuki.

Nililia jikoni kwa mama mpaka kamasi. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe Gwakisa, ina maana hukumwambia mkeo?" Mwanao akajikuna kichwa, akasema alidhani mzee ameshaachana na mambo hayo. Ndipo nikaelezwa kwamba kwenu Wanyakyusa baba mkwe na mkamwana hawaonani uso. Hawakai chumba kimoja, hawasemeshani, wakikutana njiani mmoja anapisha. Niliumia, sikufichi. Niliona ni namna ya kumbagua mgeni. Mama akanifuta uso na ncha ya kitenge chake. "Anakukimbia kwa sababu anakuheshimu. Angekuwa anakudharau angekaa."

Jioni ile mama alikupelekea kipande cha keki chumbani kwako. Sahani ikarudi na parachichi moja kubwa, limeiva vizuri, limefutwa mpaka linang'aa. Tangu siku hiyo, kila Krismasi tuliyokuja, sahani yangu haikurudi tupu. Mara karanga, mara ndizi mbivu, na mwaka niliokuwa na mimba ya Atu ulinirudishia limau. Sijui nani alikuambia nilikuwa natapika. Sikuwahi kukuona vizuri zaidi ya mgongo na koti, lakini nilishajua una roho ya namna gani.

Kisha ukaumwa kisukari. Mama alipiga simu kusema daktari amekataza vitu vitamu, na akaongeza kwa kunong'ona, "Anauliza kama na keki ya mkamwana imo." Basi nikaanza ufundi. Nikatoa sukari, nikapunguza mafuta, nikachukua unga usiokobolewa na mtindi, nikasafiri na hicho kitu mpaka Tukuyu kwa fahari zote. Mama aliingia nacho kwako. Akatoka amejiziba mdomo. "Baba yenu anauliza, hili tofali ni la msingi au la ukuta?"

Nyumba nzima iliangua kicheko, na mie nilicheka mpaka nikakaa chini. Mwaka mzima uliofuata niliwalisha walimu wenzangu shuleni kila jaribio langu, wengine wakawa wananikwepa saa ya chai. Ni ndizi zilizoniokoa, zile zilizoiva mpaka ganda likawa jeusi, na mdalasini kidogo, na karanga za kusagwa. Krismasi iliyofuata sahani ilirudi na mkungu mzima wa ndizi umeegemezwa mlangoni. Mama akasema, "Amesema hiyo ni mbegu ya keki ya mwakani."

Halafu mwaka jana ukaja Dar kwa ajili ya kliniki, ukae nasi miezi mitatu. Gwakisa alifurahi, mie nikaingiwa na baridi. Nyumba yetu unaijua sasa: vyumba viwili, sebule, na korido ambayo watu wawili wakipishana lazima mmoja anywee. Hata kwenye basi la kukuleta ulikaa mbele kabisa na mie nikakaa nyuma kabisa, mwanao anatembea katikati kama konda. Heshima ya Tukuyu ina shamba zima la kukimbilia. Ya Segerea ina bafu na jiko.

Tukaweka utaratibu wa kukohoa. Ukitaka kutoka unakohoa, mie najificha jikoni. Nikitaka kupita nakohoa, wewe unavuta pazia. Jirani yetu Mama Zuhra alivumilia wiki nzima, akaniita ukutani. "Shoga, siyo naingilia ya watu, ila huyo mzee mpelekeni akapimwe kifua. Na wewe naona kashakuambukiza." Nilipomweleza alitikisa kichwa, akasema kila nyumba na dini yake.

Lakini kulikuwa na saa ambazo Gwakisa yuko kazini na Atu yuko shule, na mie nimerudi mapema, na hatuna wa kutupelekea maneno. Hapo ndipo ulipomgundua paka wetu. Nilikuwa naosha vyombo nikasikia sauti kutoka chumbani, nzito, ya taratibu. "Paka, hivi katika nyumba hii kuna chai?"

Nilisimama na sahani mkononi. Sijui ni shetani gani alinituma, nikajibu, "Paka, mwambie mwenye chumba chai ipo, haina sukari."

Sauti ikarudi: "Paka, mwambie mpishi najua haina sukari. Nilikuwa nauliza kama ina tangawizi."

Tukaendelea hivyo. Kupitia paka ulinifundisha kupika mbalaga, zile ndizi za kwenu, ukanikanya nisimpige Atu kwa ajili ya hesabu, ukaniuliza habari za mama yangu Masasi. Mie nikamwambia paka mambo ambayo hata Gwakisa sikuwa nimemwambia, jinsi nilivyohofia kwamba kwenu nitabaki mgeni mpaka nife. "Paka," ukasema, "mwambie mkamwana wageni hawaulizwi kuhusu tofali." Paka mwenyewe alikuwa amelala, amenenepa kwa dagaa zako.

Ikafika siku ile ya mkesha wa Krismasi. Nitaisema, baba, kwa sababu hatukuwahi kuizungumza sawasawa.

Gwakisa na Atu walikuwa wamekwenda Manzese kutafuta viatu vya sikukuu. Ulikuwa umeshachomwa sindano yako ya kisukari ya asubuhi. Chakula Atu alikuletea kabla hajaondoka, na sahani ulimrudishia haijaguswa, ukamwambia paka huna njaa. Mie nikaendelea na keki. Ilipoiva nikaitoa, nyumba nzima ikanukia ndizi na mdalasini, nikasema kwa sauti, "Paka, mwambie mwenye chumba keki imeiva."

Hukujibu. Nikajua umesinzia. Nikasema tena, nikakohoa. Redio yako ilikuwa inaendelea kusoma taarifa. Nikampigia Gwakisa, simu haipokelewi. Nikamwita Mama Zuhra ukutani, hayupo. Nilisimama nje ya pazia lako. Niliwaza, nikiingia na mzee amelala tu, aibu hii itamrudisha Tukuyu kesho, na hatakula tena kitu kilichotoka mkononi mwangu. Na nisipoingia?

Nilijifunika khanga kichwani nikaingia.

Ulikuwa umelowa jasho, unatetemeka, macho yako wazi lakini hayanioni. Gwakisa alikuwa ameshanifundisha alivyoambiwa na nesi: hiyo ni sukari imeshuka, na dawa yake ni sukari, haraka. Nilikimbilia jikoni nikapanda kiti, nikashusha lile kopo nililolificha juu ya kabati kwa ajili yako. Nikakoroga kwenye maji, nikakuinua kichwa nikakilaza mkononi mwangu, nikakunywesha kijiko kwa kijiko huku naomba Mungu. Mie niliyehangaika miaka kukutolea sukari kwenye keki, nilikuwa nakubembeleza umeze. Khanga ilikuwa imeshaanguka zamani.

Ukaanza kurudi. Macho yakatulia, yakanitazama. Ukauliza kwa sauti ndogo, "Nani?"

"Ni mie, baba."

Ukafumba macho palepale. Nikajua ndiyo basi, nimeharibu. Nikaanza kuutoa mkono wangu taratibu chini ya kichwa chako. Ndipo ukasema, macho umeyafumba vilevile, "Paka, mwambie mkamwana, ndaga fijo. Asante sana."

Nililia na kucheka kwa pamoja. Paka hakuwamo hata chumbani.

Gwakisa aliporudi ulikiri mbele yake kwamba uliacha kula makusudi, ili tumbo libaki na nafasi ya keki. Alikasirika mwanao, alikuonya kama anamwonya Atu, na wewe ukakubali kila neno. Usiku simu zikapigwa Tukuyu. Dada yako akasema mila imevunjwa, lazima atolewe ng'ombe. Nilikusikia kupitia ukuta: "Ng'ombe atapanda basi gani? Mkamwana ameniuguza. Kitenge kinatosha, na mimi ndiye ninayejua."

Asubuhi ya Krismasi, baada ya ibada, uliniita sebuleni kwa mdomo wako mwenyewe. Ukanipa kitenge cha kijani, ukaniambia nikae kwenye kiti, siyo mkekani. Ukakata keki ukanipa mie kipande cha kwanza. "Nimekula mkono wako miaka yote," ukasema, "nikaona haya kuendelea kula kwa mtu nisiyemjua uso." Nilikutazama vizuri kwa mara ya kwanza. Gwakisa amechukua masikio yako yote mawili, maskini.

Asante kwa kitenge kile. Na asante kwa safari ya kukurudisha nyumbani mwezi wa kwanza, uliposema kiti cha pembeni yako ni cha mkamwana na mwanao akakae anakotaka. Njia ile nilikuwa nimeshaipita mara nyingi, mlima Kitonga naupandaga nimefumba macho kwa woga. Kumbe ujanani ulikuwa utingo wa lori, kila kona unaijua. Ulinishika kiwiko ukasema, "Fumbua, mwanangu, tazama chini kule." Nikafumbua. Uzuri ule ulikuwapo siku zote, na mie nilikuwa naukosa.

Mvua za masika zilipoanza ukalala, hukuamka. Tulikuwa na miezi michache tu ya kusemeshana, baba, na kuna siku nailalamikia hesabu hiyo. Lakini siku nyingi nashukuru. Wengine wanaishi na wakwe zao nyumba moja, wanaonana kila siku, na hawajawahi kuonwa kama ulivyoniona wewe kwa mgongo.

Sasa keki imeiva, nimeitoa. Chumba chako tunakiita bado chumba cha babu, pazia ni lilelile, na paka analala kitandani kwako mchana kutwa. Nimesimama pale jikoni na keki yangu ya moto, mazoea ni mazoea, mdomo ukanitoka: "Paka, mwambie mwenye chumba keki imeiva."

Nikasubiri kidogo. Sijui nilikuwa nasubiri nini. Nilipogeuka, Gwakisa alikuwa koridoni na begi la Atu mkononi, amesikia. Aliliweka begi chini, akaja jikoni, akachukua kopo la sukari pale mezani, akapanda kiti akalirudisha juu ya kabati.

Kesho tunakuja. Nitakuletea kipande mpaka kule migombani ulikolala, na safari hii usinikimbie.

Mkamwana wako wa Segerea,
Mama Atu