Kwa Yaya Veronika, juu ya Shule ya Ghala la Samaki

Nchelenge, Rodezia ya Kaskazini
Mwezi wa sita

Yaya, dada yangu mukubwa mupendwa,

Kama barua hii imekukuta umekaa, baki umekaa. Kama umesimama na ndoo kichwani, tua kwanza, juu barua ni ndefu. Mimi niko muzima. Meno yangu yote yako, tumbo limeongezeka kidogo, na ile homa uliyosikia kwa madereva wa kamiyo ilinitembelea siku tatu, ikaona mutu hana nafasi, ikaenda zake. Wewe je, mugongo? Mama anasikia na lile sikio la kushoto, ao mungali munamusemesha kama mutu aliye ng'ambo ya muto? Na Shemeji Alfonsi, reli yake inamutunza? Mwipwa wangu Feliksi amefika mabega ya baba yake ao amemupita?

Barua yako ilifika hapa kwa mukono wa yule muuza chumvi wa Pweto. Niliisoma mara tatu. Uliniuliza neno moja tu, na uliliuliza kama polisi: "Donati, ile shule unayoisifu kila mwaka, ni shule kweli ao ni maneno yako? Nina mutoto mumoja. Baba yake anataka aingie kazi ya reli mwezi wa nane. Niambie kweli, nijue la kufanya." Yaya, siku ile sikumaliza ubwali wangu, na unajua mimi sishindwi na ubwali.

Donk basi, nitakuambia kweli, na nitaanza na ile inayoniumiza mimi mwenyewe. Nilikuandikia kwamba mimi ni direkta wa michezo hapa. Mimi si direkta. Mimi ni mupishi. Mupishi mukubwa, mupishi anayejulikana kutoka Puta mpaka Kafutuma, mutu ambaye inspekta wa serikali alilamba vidole mbele yake na kuuliza kama kuna kingine, lakini mupishi. Nimesema. Sasa yote mengine utakayosoma unaweza kuyaamini, juu mutu hajivui ukubwa wake bure.

Shule hii si ya serikali, tena si ya misheni. Ni ya mutu mumoja, Mwalimu Kaoma, mwana wa pwani hii ya ziwa Mweru, mwembamba, suruali ya kaki, miwani imefungwa na uzi. Alisoma mbali kule kusini, akarudi na karatasi yenye muhuri mwekundu. Wakamupa meza katika biro ya boma aandike majina ya watu. Akaandika miezi kidogo, akaacha. Watu wakasema kichwa kimezunguka. Kumbe alikuwa anajiuliza: vijana wetu wanamaliza darasa la sita, halafu ni nyavu ao mugodi, nani atawatayarisha wafike katika vyuo vikubwa, kule wanakotoka madaktari? Aliuliza huku na huku, hakuna aliyemujibu, akajijibu mwenyewe.

Kulikuwa Mugiriki aliyenunua samaki hapa. Mimi nilikuwa baharia wa boti yake, njo vile nilivyovuka ziwa nikafika ng'ambo hii ya Waingereza. Mugiriki akahamia Kasenga, akaacha ghala lake la matofali. Njo lile likawa darasa la kwanza. Walilisugua na majivu, wakalisugua na malimau, wakapaka chokaa mara mbili. Mvua ya kwanza ikanyesha, harufu ya samaki ikarudi kama mwenye nyumba. Wale wanafunzi wa kwanza walisoma hesabu za herufi na kitambaa puani. Watu wa hapa wakaiita Chuo cha Chisense. Chisense ni visamaki vidogo, kama ndakala za kwetu. Mwalimu Kaoma hakukasirika. Alichukua rangi, akachora kisamaki juu ya mulango, akasema, "Sasa wajue mahali pa kutuletea watoto wao." Na wanaleta. Mutoto wa karani wa boma yumo humu leo, anakula sahani mbili.

Darasa la pili lilijengwa na wamama wa samaki. Kila mama aliyepeleka samaki wakavu kwa watu wa mugodi alirudi na bati moja juu ya kamiyo. Bati moja moja, mwaka muzima, mpaka nyumba ikafunikwa. Nimeona majengo ya Elisabethville, Yaya, na marefu. Sijaona paa ninaloliheshimu kama lile.

Wanasoma sana. Mimi niliyeachia darasa la ine nasimama dirishani na mwiko wangu, nasikia mambo ya nyota, ya damu vile inavyozunguka mwilini, ya wafalme waliokatwa vichwa. Kiingereza wanakisema mpaka na mbuzi wa jirani. Na kila alasiri, vitabu vikifungwa, wote wanashuka pwani kukimbia. Hatuna kiwanja cha majani. Tuna muchanga, na muchanga unakamata muguu kama mudeni. Mutu aliyezoea kukimbia pale, ukimuweka juu ya udongo mugumu anaruka kama amefunguliwa kamba.

Sasa nikuelezee habari ya kijiti, juu njo habari itakayokuonyesha yule mwalimu ni mutu gani.

Kuna mbio ambazo watu wane wanapokezana kijiti. Wa kwanza anakimbia, anamupa wa pili, mpaka wa mwisho. Lazima wapeane ndani ya kipande cha njia kilichochorwa na chokaa. Wakikipita bado wanapeana, wamepoteza. Mwaka jana tulialikwa kwenye shule kubwa ya muji, mahali pa majani yaliyokatwa na masini. Tulienda na kamiyo, mimi juu pamoja na masufuria yangu. Vijana wetu walianza vizuri sana. Chisha wa Kafutuma alikuwa mbele, akafika kwa Mulenga wa Puta, mukimbiaji wetu wa mwisho. Mulenga akashika kijiti. Chisha hakukiachilia. Mulenga akavuta. Chisha akakaza. Wakakimbia wote wawili, kijiti kimoja katikati, wakapita chokaa, wakaendelea mpaka karibu na wazungu waliokaa kwenye viti.

Muchezaji mumoja wa muji akawaita, "Eh, ninyi wa chisense, mulikuja kukimbia ao kuoana?"

Watu wakacheka mpaka wakashika miti. Wakatutoa.

Kurudi, kamiyo ikachemka. Tukasimama njiani kutia maji katika injini. Mwalimu Kaoma akamwita Chisha. "Juu ya nini hukuachilia?"

"Hakusema, mukwai mwalimu."

"Hakusema nini?"

Kijana akaangalia viatu ambavyo hakuwa navyo. Njo mimi nikajibu kutoka juu. "Mwalimu, wewe ulikulia katika nyumba ya katekista, hukuvua. Kwenye ziwa hili, mutu akimupa mwenzake kasia ndani ya mutumbwi, hafungui mukono mpaka mwenzake aseme *naikata*, nimeshika. Kasia likianguka kwenye maji makubwa, wote mumekwisha. Huyu mutoto wamemufundisha hivyo tangu hajui kuvaa suruali."

Mwalimu akageuka kwa Mulenga. "Na wewe, juu ya nini hukusema?"

"Mwalimu alituambia tukikimbia tufunge midomo, tutunze pumzi."

Yaya, yule mutu alivua miwani. Akasimama na ndoo ya maji mukononi, akacheka, mara ya kwanza mimi kumuona anacheka. Akasema, "Basi aliyeangusha shule leo ni mimi, na kitabu changu cha michezo." Alisema hivyo mbele ya wanafunzi wote, mbele ya dereva, mbele ya mupishi. Wewe umeona walimu wangapi wanaosema vile? Mimi nimetembea, sijaona.

Nilidhani atawafundisha kuachilia mbio mbio kama watu wa muji. Hapana. Alisema kama wanashika hivyo, washike hivyo, lakini waseme mapema. Kila alasiri, muchangani: anayepokea ananyoosha mukono nyuma, kijiti kikigusa kiganja anasema *naikata*, na pale pale mwingine anafungua. Kijiti chao kilikuwa miwiko yangu. Walivunja mitatu. Niliwapikia na kipande cha kasia majuma mawili, wakasema ubwali umekuwa mutamu zaidi, na mimi sikujua kama nikasirike.

Mwezi wa ine tumerudi kule. Mvua ya mwisho ilikuwa inanyesha kidogo kidogo, mikono yote imelowana. Shule ya muji ikaangusha kijiti mara ya kwanza kupeana. Wengine wakaangusha mara ya pili. Kwetu nilisikia, kama watu walio katika mutumbwi mumoja: *Naikata*. *Naikata*. *Naikata*. Na Mulenga akaja peke yake, matope mpaka masikio. Mimi nilipoteza sauti siku ine. Mupira wa miguu walitufunga, mabao mangapi sitaandika, kweli nayo ina mipaka.

Pale kulikuwa bwana wa chuo kimoja cha kusini. Aliuliza jina la Mulenga. Sisi tukadhani anataka miguu. Kumbe kesho yake alikuja mpaka hapa Nchelenge, akamuweka Mulenga ndani ya lile ghala na karatasi za hesabu kutoka asubuhi mpaka nikapiga kengele ya chakula. Miguu ilimufanya yule bwana ageuze shingo; kichwa njo kilichomupeleka kijana. Ameondoka juma lililopita. Mama yake, mukausha samaki wa Puta, hakulia. Alimukagua kola ya shati, akamwambia, "Usiwazoee wale wanaolala mchana," akapanda mutumbwi wake akaenda.

Kwa hiyo kitanda kimoja kiko wazi. Nilienda kwa Mwalimu Kaoma siku ile ile barua yako ilipofika.

Akauliza, "Huyu mutoto wa yaya yako anafanana na wewe?"

"Sura tu, mwalimu. Akili ni ya mama yake."

"Basi tunaweza kuzungumza," akasema. "Lakini mama aandike mwenyewe. Maneno yako, Donati, mimi nayakata nusu kabla ya kuyapima."

Sasa sikiliza upande mwingine, juu uliniomba kweli. Feliksi amesoma Kifaransa kwa mafrere wa misheni. Hapa ni Kiingereza. Mwalimu anasema lazima arudi nyuma, akae mwaka muzima na watoto wanaofika kwenye kiwiko chake. Watamucheka. Atakuja nyumbani mara moja kwa mwaka, vakansi kubwa tu. Hapa hawachapi, ukikosa unateka maji ziwani mpaka bustani inywe, na bustani ni kubwa. Vijana wawili walilia wakarudishwa kwao. Na si wote wanafika chuo. Wengine wamekuwa walimu, wengine wamerudi kwenye nyavu na wanavua kwa Kiingereza. Siwezi kukuahidi Feliksi atakuwa nani. Naweza kukuahidi tu kwamba atakula, na kwamba mutu anayemufundisha akikosa atasema nimekosa.

Reli si mbaya, Yaya. Reli ya shemeji ilinilisha mimi miaka miwili, sijasahau. Usipigane naye juu ya jambo hili. Muulize Feliksi mwenyewe, lakini si mbele ya baba yake, na si mbele yako peke yako pia, juu macho yako yanajibu kabla ya mutu. Mama amuulize. Atasikia jibu hata na lile sikio moja. Akisema reli, aende reli na baraka zangu, nami sitanuna. Akisema shule, apande kamiyo mpaka Pweto, kutoka pale wavuvi wote wanamujua Donati, watamuleta.

Nisalimie Mama, umushikie mikono miwili. Nisalimie Shemeji Alfonsi, umwambie kofia yake ya reli bado naitamani. Nisalimie shangazi yetu muuza mawese, na katekista muzee aliyenifundisha kuandika. Akiona makosa humu, umwambie ni kalamu ya hapa. Na jirani yetu fundi wa mitumbwi, kama amepona muguu.

Sasa ya mwisho. Kile kitanda kuna watatu wanaokitaka, na mutoto wa karani ana binamu. Kwa hiyo nimetandika blanketi yangu juu yake, nikawaambia kina mwenyewe. Tangu siku ile nalala na gunia. Upepo wa ziwa mwezi huu hauna huruma, na mimi si kijana tena. Jibu lolote ni zuri, ndiyo ao hapana, lakini lipe kamiyo ya kwanza.

Mudogo wako anayekuheshimu na kutetemeka,
Donati