Vigingi Nilivyovipaka Rangi

Jumamosi jioni, Migosi. Mvua imeanza saa kumi na bado inanyesha, nami sijawasha hata taa. Nimekaa jikoni na kigingi kimoja mezani, kichwa chake chekundu, tope la kinamasi likikauka mwilini mwake. Asubuhi nilitoka hapa nikisema nitaving'oa vyote thelathini.

Nimerudi na kimoja.

Kwa wiki tatu nimekwepa kuandika habari hii. Mnaosoma blogu hii mnajua mimi ni katibu wa kikundi kinachotunza kinamasi cha mafunjo kule ufuoni. Ni eneo lililohifadhiwa, hakuna ruhusa ya kulima ndani yake. Mafunjo yenyewe, ambayo kwetu ni togo, tunaruhusiwa kukata kwa mpango. Tuligawa kinamasi sehemu tatu: moja inakatwa, mbili zinapumzika hadi mabua yarefuke, kisha tunabadilisha. Ukikata kila mahali kila siku, togo linachoka. Samaki wanakosa pa kutagia, na maji machafu ya mji yanaingia ziwani jinsi yalivyo. Hayo nimeyasema mikutanoni mpaka nimeyakariri.

Mama Turfosa hakuhitaji mkutano kuyajua. Ni mama mkwe wangu, na amesuka mikeka tangu kabla mume wangu hajazaliwa. Watoto wake wote wamesomeshwa na togo. Nilipoolewa sikuwa na kazi. Alinikalisha chini nyumbani kwake akanifundisha kuchagua bua kwa kulipitisha kati ya vidole, na alipoona vidole vyangu ni vizito, hakunicheka. Baadaye ndiye aliyenipeleka kwenye kikundi. Aliwaambia wanahitaji mtu wa kuandika.

Basi nikaandika. Na nikaja na wazo.

Watu walikuwa wakikata kwenye sehemu inayopumzika, wakisema hawajui mpaka uko wapi. Nikapendekeza tuweke vigingi. Kila mtu aliona ni jambo zuri. Nilivipaka rangi mwenyewe hapa kwenye veranda, mwili mweupe na kichwa chekundu, vionekane kwa mbali. Kibao cha maelezo kingefuata, kwa sababu fundi alikuwa hajamaliza kukiandika. Sikuona haja ya kumngoja.

Siku ile nikipaka rangi, Baba Rehema wa nyumba ya pili alipita akitoka msikitini. Akasimama, akaniuliza kwa utani kama mwenye nyumba ameuza ploti, tuanze kufunga virago. Nikacheka. Nikamsimulia na mume wangu, tukacheka wote wawili.

Nani katika mji huu asiyejua maana ya kigingi chenye kichwa chekundu? Mpima ardhi amepita. Ploti zinagawanywa. Kimbia ushike yako.

Na mimi nilijua. Nimezaliwa Seme, hapa hapa karibu, si ng'ambo. Lakini kwangu vile vilikuwa vigingi vya kulinda togo, na sikujiuliza hata mara moja vitakuwa nini machoni pa mtu mwingine.

Habari ilifika mtaa wa Nyalenda kabla wiki haijaisha. Ukame ulikuwa umeshusha maji, ardhi inakanyagika, watu wakaja na mapanga na majembe. Walianza kwa kuchoma. Siku hiyo nilikuwa Mamboleo, upande wa pili wa mji, kwa shughuli zangu, nikaona moshi upande wa ziwa, nikadhani ni takataka. Nilipofika kesho yake, sehemu tuliyoilinda miaka miwili ilikuwa majivu, na kati ya kila vigingi viwili kulikuwa na mtu na jembe lake.

Kibao kililetwa siku tatu baadaye. Kimeandikwa vizuri sana.

Sasa nikiri na hili. Ripoti ya kikundi ni kazi yangu, na niliiandika siku ile ile niliyokuta majivu, nikiwa na hasira. Nimewaita wale watu wavamizi. Neno hilo liko karibu kila aya. Hakuna mahali nimeandika kwamba vigingi vilikuwa wazo langu, wala kwamba nilivipeleka bila kibao.

Leo nilikwenda kuving'oa. Mama Turfosa alisisitiza tuende pamoja. Kigingi cha kwanza hakikuwa na mtu nyuma yake, kikatoka bila shida. Kwenye cha pili kulikuwa na mama kijana, mtoto mgongoni, ameshapanda nduma mistari minne iliyonyooka. Alinisalimia kwa heshima. Nikamweleza nilichokuja kufanya. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka mkono juu ya kile kichwa chekundu.

"Madam, usitoe hiyo mti," akasema. "Hiyo ndio karatasi yangu."

Nikamwambia si karatasi, hakuna mpima ardhi aliyekuja hapa, ni kigingi tu nilichokipaka rangi kwa mikono yangu. Nilidhani atakasirika. Badala yake uso wake ukafunguka.

"Kumbe ni wewe ulitupea? Mungu akubariki sana, Madam."

Nilisimama pale kwenye majivu na kigingi kimoja kwapani, nikamwitikia amina.

Mama Turfosa alikuwa amesikia yote. Tulipita kwenye sehemu inayokatwa, ambako sasa wasusi wote wanabanana, na akakata alichopata: mabua mafupi, membamba, ambayo zamani asingeinama kwa ajili yake. Hayafiki hata nusu ya mkeka. Aliyafunga vizuri hivyo hivyo.

Tulipokuwa tunarudi kwake ndipo akaniambia. Wasusi wenzake walimuuliza nani aliweka vile vigingi. Wanajua mkwe wake ndiye katibu. Akawaambia ni watu waliotoka Nairobi na gari, wakaviweka, wakaenda. Wakamwamini, kwa sababu ni Mama Turfosa, mama wa kanisa, mtu ambaye hajawahi kumdanganya yeyote. Wakamwacha akae nao kama kawaida. Tangu siku hiyo, alisema, hali chakula vizuri.

Nilianza kuomba msamaha, akanyanyua mkono kunizuia.

"Nyar Seme," akasema, yaani binti wa Seme, kama anavyoniita siku zote, "mimi sijui kudanganya. Usinifanye nirudie."

Nililia njiani mchana kweupe, watu wakipita. Aliningoja nimalize, akanitwika lile fungu la togo, tukaendelea na safari. Tulipofika kwake aliyatandaza yale mabua uani yakauke. Sasa yananyeshewa, na ninajua hakutoka kuyaanua.

Jumatatu kikundi kinakutana, na wasusi wote watakuwepo. Nimefuta neno wavamizi kila lilipokuwa. Wakinitoa kwenye ukatibu ni sawa, nitakuwa nimestahili. Kinachoniuma ni kwamba hata nikisema kweli, togo halitarudi leo wala mwaka huu, na yule mama wa nduma atafukuzwa. Sheria iko upande wetu. Lazima atoke, ndiyo kazi ya kikundi, na mimi ndiye niliyemwita.

Ripoti mpya inaanza na jina langu. Nimeandika kijiji nilikotoka, nyumba niliyoolewa, tarehe niliyovipaka rangi vile vigingi, kila kitu.

Yule mama alinibariki, na sikumuuliza hata jina.

Kesho baada ya kanisa nitarudi kule peke yangu. Nitamuuliza jina kwanza, ndipo nimwambie kwamba lazima atoke.