Kamera ya Simu Haikuharibika

Saluni ya Kona,
Nyuma ya duka la viatu.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Dada yangu,

Pokea salamu zangu mimi mdogo wako, na za wote wa nyumba hii. Natumaini barua inakukuta mzima, na kwamba yule kikongwe unayemtunza huko ameacha kukuficha meno yake ya bandia. Mgongo wako unaendeleaje? Usimnyanyue peke yako, mgongo hauna spea. Sisi huku tunashukuru. Mama hajambo, goti ndilo linalomsumbua akipanda ngazi, ila kwa chakula ananishinda mimi. Kaka yetu Fundi bado anatengeneza majokofu ya watu huku la kwake likivuja sebuleni.

Najua utashangaa kuona barua ya mkono, maana tangu uondoke sisi ni watu wa simu. Lakini kwenye simu ningeanza kulia kabla sijafika penye kosa, nawe ungenionea huruma, na hiyo huruma siistahili. Ipo na sababu nyingine ya kuandika, utaiona mwishoni.

Dada, kamera ya simu yangu haikuharibika. Nilikudanganya. Kila ulipopiga ukitaka kumwona mwanao Chiriku, mara nilisema kioo kimepasuka, mara mtandao hauna nguvu, mara mtoto ameenda kwa jirani. Simu ni nzima. Mtoto alikuwa amekaa kitandani karibu yangu kabisa, akitikisa kichwa kwamba hataki kuonekana, na kwamba hataki kusema pia. Ndiye yule yule tuliyempa jina la Chiriku kwa sababu hata usingizini alikuwa anahadithia.

Ile video unaikumbuka. Ilikuwa Jumamosi, shule zinakaribia kufunguliwa na saluni imejaa mpaka wengine wamekalia ndoo. Nilimweka Chiriku kwenye kiti nimalize kichwa chake haraka nirudi kwa wateja. Nywele zake unazijua, zikikaa wiki bila kuchanwa zinasokotana. Nikaingiza chanuo, akaanza kulia, na katikati ya kilio akasema, "Mama angekuwepo asingenivuta hivi. Mwambieni Mama arudi anisuke."

Saluni nzima ilicheka. Nami nilicheka, tena mimi ndiye niliyecheka kwa sauti. Nikachomoa simu kwenye aproni, nikamwambia arudie. Akarudia, kwa sababu alikuwa analia kweli na alikuwa anakutaka kweli. Nikairusha mtandaoni na namba ya saluni, nikaandika chini yake: "Tunasuka mpaka unamwita mama." Nilijiona nina kipaji.

Biashara ni matangazo, ndivyo ninavyowaambia wasichana ninaowafundisha kazi. Ile video ilisambaa kuliko nilivyowahi kuota. Walikuja wateja kutoka mitaa nisiyoijua, wakiuliza yuko wapi mtoto wa Mama-rudi-unisuke. Nikapata kiti kipya na mashine ya pili ya kukaushia nywele. Wewe nawe ulinitumia vikatuni vya kucheka mpaka machozi, ukaiweka kwenye stetasi yako. Sikutajii hilo ili tugawane mzigo. Nalitaja kwa sababu nitalirudia.

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka. Watu walitaka video nyingine. Wiki mbili baadaye nikamkalisha tena, nikaisimamisha simu kwenye kioo. Chiriku hakulia. Alikuwa ameng'ata mdomo na kushika mikono ya kiti, kwa sababu shuleni walikuwa wameanza kumwimbia yale maneno, nami sikujua, kwa kuwa sikuuliza. Nywele nilikuwa nimeshazipaka mafuta na chanuo lilikuwa linapita bila shida. Nikavuta. Nilivuta, Dada, kwa kuwa simu ilikuwa inarekodi na mtoto hakuwa analia.

Alinitazama kupitia kioo. Kisha machozi yakaanza kumtoka. Nami nikaichukua video hiyo, nikaondoa pale aliponitazama, nikabakiza pale alipolia, nikairusha. Huu mkono ninaoandikia ndio uliovuta. Nimesuka vichwa vya maharusi na vya wafiwa, na sikujua kwamba mkono wangu unaweza kufanya jambo kama lile.

Mama mdogo ni mama. Ndivyo tulivyolelewa, na ndivyo ulivyoniambia ulipokuwa unafunga begi lako: humwachi kwa ndugu, unamwacha kwa mama yake mwingine. Nimekuwa nikilisikia neno hilo kila nikishika chanuo.

Yaliyofuata ni mazito, na nakuomba ukae kabla ya kuendelea. Kwenye video ya tatu alikuwa amevaa sweta la shule. Nembo ya shule ilionekana wazi kifuani, na mimi nilikuwa nahangaika na mwanga usipige vibaya kwenye kiti changu kipya. Baada ya siku chache mtu mzima mmoja alisimama nje ya geti la shule wakati watoto wanatoka. Alimwita Chiriku kwa jina hilo hilo la nyumbani, kwa sababu mimi nilimwita hivyo kwenye video. Akamwambia, "Mama yako amerudi. Njoo nikupeleke akusuke."

Na Chiriku alianza kumfuata. Ana akili, Dada, na yote tuliyomfundisha kuhusu watu asiowajua anayakumbuka. Lakini mtu yule alimwambia kitu kimoja tu ambacho angeacha yote kwa ajili yake, na kitu hicho nilikuwa nimekitangaza mimi kwa dunia nzima. Mlinzi wa geti ndiye aliyeuliza huyu ni nani wa mtoto, na yule mtu akasema amesahau kitu kwenye gari, akaondoka asirudi. Tulikwenda polisi mimi na Kaka Fundi, wakachukua maelezo, na mpaka leo hajapatikana. Mtoto hakuguswa. Nalirudia ili usilisome mara moja tu: hakuguswa.

Siku ile ile ya getini Chiriku alikuja saluni moja kwa moja, akapita katikati ya wateja bila kusalimu. Akachukua mkasi kwenye trei yangu, akasimama mbele ya kioo, akaanza kukata. Nilikuwa na kichwa cha mtu mikononi na nilidhani anakata uzi wa sweta. Nilipogeuka, upande mmoja wa nywele zake ulikuwa umekwisha. Nilimsogelea, naye akarudi nyuma kama anayeogopa kupigwa, kwa hiyo nikasimama. Alipomaliza aliurudisha mkasi mahali pake, akaniambia, "Sasa hakuna cha kuvuta."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia kwa muda mrefu. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja mjukuu, yanalala nami chumba kimoja na yana miaka kumi na miwili.

Utauliza kwa nini sikukwambia siku ile ile. Niliogopa utaacha kazi na kurudi, halafu wote tukalaumiana. Niliogopa pia utamtoa kwangu umpeleke kwa mwingine, na hapo ndipo nilipojua kwamba ungekuwa na haki. Mtu mwenye haki humngoja hakimu. Mimi nilikuwa nakimbia simu ya dada yangu mwenyewe.

Video zangu zote nimezifuta, na akaunti ya saluni nimeifunga. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Wapo waliozichukua wakazitia muziki, na lipo jitu zima lenye ndevu lililovaa wigi likajifanya mtoto wetu. Kaka Fundi kila akitoka kazini anakaa na simu akiwaandikia wenye mtandao waziondoe. Nyingine zimeondolewa, nyingine zinachomoza upya kwa jina jingine. Anasema jokofu likivuja angalau unajua tundu liko wapi.

Shuleni mwalimu wa darasa alizungumza na watoto, na kwa haki ya Mungu walio wengi wameacha. Mmoja alimwomba radhi akampa kifutio. Asubuhi namsindikiza mimi, mchana anafuatwa na Kaka, na mlinzi wa geti sasa anatujua mpaka viatu. Saluni nimepiga marufuku kumpiga picha mtoto yeyote, hata mwenye mtoto akitaka. Mteja mmoja alikasirika akaniambia najifanya mtakatifu. Nilimwambia mtakatifu asingehitaji kuweka sheria hiyo, akaondoka na nusu ya kichwa haijasukwa, akarudi jioni kimya kimya kumalizia.

Chiriku anazungumza na Mama. Wanafunga mlango, anamsomea gazeti kwa sababu ya macho yake, na baada ya gazeti nawasikia wanaendelea. Sauti ikipenya ukutani huwa naacha chochote ninachofanya. Sisikilizi maneno. Nasikiliza tu kwamba bado yapo.

Lakini moja Mama ameniambia, na ameniambia nikufikishie bila kulipunguza, maana ndilo linalomuuma mtoto kuliko la kwangu. Chiriku alimwambia Bibi yake, "Mama aliniona nalia, akacheka." Nilijaribu kukutetea. Nilimwambia kupitia mlangoni kwamba hukujua, kwamba uliona video fupi tu, kwamba hata mimi nilicheka. Hakujibu, na nikitafakari, utetezi wa namna hiyo nami nisingeujibu.

Kwa hiyo nakuomba, Dada. Ile video kama bado unayo kwenye simu yako, ifute, na uwaombe wote uliowatumia waifute. Fanya hivyo kwanza, kabla ya kunipigia na kunitukana. Matusi yangu niwekee, nitayapokea yote na sitakata simu. Na ukizungumza naye, usianze kwa kuuliza kuhusu nywele wala kuhusu yule mtu. Anza na lile la kucheka.

Ukitaka kumchukua kwangu, sitabisha. Nitalifunga begi lake mimi mwenyewe na nitamsindikiza mpaka utakaposema. Ila kama utaniachia, nitamlea kama mtu aliyeaminiwa mara ya pili, na najua mara ya tatu haipo.

Na sasa ile sababu nyingine ya barua. Nilimwomba Chiriku nimpige picha moja tu nikutumie, upate kuona kwamba yuko salama. Akakataa. Nikamuuliza, je, nikikuandikia? Alifikiri, kisha akanisemesha mara ya kwanza tangu siku ya mkasi, akasema niandike, lakini yeye asome kwanza, na asilolitaka alikate. Ndiyo maana utaona mstari mmoja umepigwa wino mpaka karatasi karibu itoboke. Mstari huo ulikuwa unahusu usiku, na sitakwambia ulikuwa na maneno gani.

Haya aliyoyakubali nakuandikia. Amerefuka, sketi ya shule imepanda juu ya magoti na Mama ameikunjua pindo. Jino lile lililokuwa limepanda juu ya jenzake bado limepanda. Nywele zimeota kiasi cha kushikwa kwa vidole, laini kama zulia jipya. Jana alikuja saluni, akasimama mlangoni, akaniomba mafuta. Nilimpa kopo, akajipaka mwenyewe mbele ya kioo, na mimi nilikaa kwenye ndoo na mikono yangu mapajani mpaka alipomaliza. Hakuna kazi ngumu kama hiyo niliyowahi kufanya katika saluni ile.

Mama anakusalimu na anasema usile vyakula vya baridi. Kaka Fundi anakusalimu pamoja na jokofu lake. Wasichana wa saluni nao wanakusalimu, wanasema wakikumbuka kicheko chao cha siku ile wanaona haya. Msalimie kikongwe wako, umwambie meno ayavae.

Mungu akutunze huko ulipo, aupe mgongo wako nguvu, na akulainishie moyo kwetu hata kama si leo. Naamini siku moja utakaa nyuma ya kichwa hiki kidogo kwa chanuo lako mwenyewe, na nitakuwa nje ya mlango.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, safari hii kwa aibu,

Mama Mdogo wa Chiriku

Hapa chini nimemwachia nafasi. Amesema akitaka ataandika, asipotaka niipeleke posta ilivyo.

*Mama, nimeisoma yote. Ni kweli. Usimwonyeshe mtu barua hii.*