Laini za Thika, Wiki ya Maua

Jumatatu, 2 Februari 1998

Asubuhi mahakamani. Kesi ya ng'ombe imeahirishwa tena. Nikapanda ngazi hadi ofisi ya kampuni ya intaneti. Mhariri anataka habari fupi kwamba intaneti imefika Thika. Nimekuta haijafika. Laini za simu ishirini, wateja mamia, na kila anayepiga ili kompyuta yake iunganishwe anaambulia mlio wa bize. Wiki mbaya zaidi kwa hilo: mashamba ya maua yanapokea oda za Siku ya Wapendanao kutoka Ulaya.

Injinia ni Nyokabi, mtu wa Kamenu, hapa hapa Thika. Ndiye aliyemshawishi mwenye kampuni, Githinji, afungue tawi hapa. Leo Githinji amepiga kutoka Ruiru. Mambo yasiponyooka kufikia Ijumaa, analifunga.

Habari fupi nimeitupa. Hii ni kubwa.

Jumanne, 3 Februari

Nyokabi alishuku modemu, vifaa vinavyounganisha simu na kompyuta. Akazibadilisha. Si modemu. Kompyuta inaonyesha watu walewale wameshika laini tangu asubuhi, wengi bila kutuma chochote. Akaweka amri: anayekaa kimya dakika kumi anakatwa.

Mchana laini zilikuwa zimejaa vilevile. Tofauti moja tu: sasa hakuna aliye kimya. Wote wanaonekana wanaandika bila kupumua.

Nyokabi hakukasirika. Alicheka. Nimemheshimu kwa hilo.

Jumatano, 4 Februari

Tumekwenda shamba la maua nje ya Ruiru. Sekretari, Mama Shiru, alikuwa anakunywa chai. Juu ya kibodi yake, stepla, imelalia kitufe kimoja. Alieleza bila aibu kwamba hivyo kompyuta ya Nyokabi inadhani anaandika. Nyokabi akamuuliza kwa nini asikate simu.

"Nikikata, wewe utanirudisha? Jana nilipiga tangu chai ya saa nne mpaka watu wakaenda nyumbani. Sitoki."

Ofisi ya pili walitumia kikombe. Ya tatu, kufuli. Kila mtu ameshika kwa sababu kila mtu ameshika. Nimeripoti foleni za sukari na za mafuta ya taa. Hii ni foleni ileile, imeingia kwenye waya. Nilisisimka kama mwandishi mgeni kazini.

Nikapendekeza akate kila mtu baada ya dakika tano. Nyokabi akasema hapana, barua pepe iliyokatwa katikati inaanza upya. Laini zitajaa nusunusu za barua. Tukafika Juja tukirudi. Kisha akasema, "Tumekuwa tukipanga watu foleni. Tupange barua."

Yaani hivi: mtu anaandika simu ikiwa imekatwa. Kompyuta yake inapiga yenyewe, inaacha barua, inachukua zake, inakata. Chini ya dakika moja. Ikikuta bize, inajaribu tena. Ni rahisi mno. Sina usingizi.

Alhamisi, 5 Februari

Programu ya Nyokabi iko kwenye disketi. Tumezunguka nazo ofisi sita. Wote wamekubali kuwekewa. Hakuna aliyekubali kukata simu. Kila mmoja anataka mwenzake aanze. Nina hasira. Kazi safi, na haina faida.

Tumerudi kwa Mama Shiru. Nyokabi hakubembeleza. Alimwambia barua moja ikipotea ataipeleka Nairobi mwenyewe kwa miguu.

"Na hivyo viatu?" Mama Shiru akasema. Lakini akakata.

Simu ikalia hapo hapo. Bosi wake, yuko uwanja wa ndege na maua. Amekuwa akiitafuta ofisi hiyo tangu Jumatatu na laini haipatikani. Maneno aliyomwambia siyaandiki.

Mama Shiru aliweka simu chini. Kisha akaandika barua moja kwa masekretari wote anaowajua: "Kata simu. Bosi wako anakutafuta." Kompyuta ikapiga. Bize. Ikapiga tena. Bize. Ikaingia, ikaacha barua, ikakata. Nilitaka kupiga makofi. Sikupiga.

Ijumaa, 6 Februari

Watu ngazini wakingoja disketi kabla ofisi haijafunguliwa. Wiki nzima taa za modemu zimewaka bila kuzima. Leo zinawaka, zinazima, zinawaka. Oda zinapita kwa mamia. Sijaona kitu kizuri hivi tangu nianze kazi hii, na hakuna picha yake ya kuchapisha.

Githinji alifika mchana na pikapu ya kubebea mitambo. Akazitazama taa. Akauliza kama kuna hitilafu ya umeme. Nyokabi akamweleza, akimpa kiti. Pikapu imerudi Ruiru tupu.

Jumamosi, 7 Februari

Nimepita kuhakiki majina. Nyokabi peke yake, dirisha wazi. Aliniambia asubuhi aliingiwa na hofu kwa sababu hakuna mteja aliyepiga kulalamika. Akajipigia mwenyewe kuhakikisha tawi liko hewani.

Lilijibu mara ya kwanza. Akakata haraka, kupisha wengine.